Karai la Naima

Sisi wa Tingi tumezoea kupitwa. Mabasi ya Lindi na Mtwara yanatupita, malori yanatupita, machungwa yanateremka kutoka milima ya Kipatimu, yanapakiwa pale Njia Nne na kwenda kuliwa na watu tusiowajua. Waliokuja wakakaa ni wachache. Mmoja wao ni Naima, mke wa mwanangu Nassibu, na ni habari zake ninazotaka kuziandika, ingawa najua angenikataza. Angesema, "Mama, mimi nina habari gani? Mimi napika tu."

Kweli, anapika tu. Na mimi nimekula tu. Lakini mtu akikupikia tangu kichwa chako kina weusi mpaka kimekuwa pamba tupu, huwezi kusema humjui.

Alikuja akitokea Kilangala, upande wa Lindi, Mmwera wa watu, binti mwembamba mwenye sauti ndogo. Hakumjua baba yake. Aliyemlea ni mjomba wake, Mzee Nurdin, mkulima wa korosho, na kwa Wamwera mjomba ndiye mwenye kauli. Siku aliyomkabidhi kwetu, watu wakasema maneno marefu ya harusi, yeye akasema moja tu: "Mtoto huyu akichoka hasemi. Mtazameni mikono." Nikaitikia kama wengine, nikaona ni maneno ya mjomba yeyote anayeagana na mtoto wake.

Nilimpokea kama nilivyopokewa mimi. Nilimpa kisamvu, nazi na chungu, nikatoka nje kukaa na wageni. Sikumwelekeza. Katika nyumba ya mama yangu mboga haikuhesabiwa imeiva mpaka isahau kwamba iliwahi kuwa jani. Inatwangwa, inachemshwa kwa tui jepesi, inafunikwa, inaachwa inyenyekee, kisha tui zito linaingia mwisho, moto ukiwa umelala. Mboga isiyo na tui mama aliiita mboga ya mtu aliyefiwa na minazi. Naima aliyajua hayo yote. Alifunika, akatulia, hakufunua-funua kama wasichana wasiojiamini. Nikaonja, nikasema moyoni, mwanangu ameoa. Kwa mdomo sikusema kitu. Mkwe ukimsifu mapema anavimba.

Tukakaa hivyo, akazaa binti mmoja, Fauzia, ambaye sasa ameolewa Dar es Salaam. Kisha wakaja Wachina.

Walipiga kambi nje ya kijiji, upande wa machimbo ya kokoto, wakaajiri vijana wetu. Nassibu akapata kazi ya kupakia mawe, na mchana alikula kulekule kambini. Haukupita muda akaanza kurudi nyumbani na maneno.

"Mama, mboga hii imelala," ananiambia, anachota kisamvu kwa ncha ya kidole.

"Ulitaka ikimbie?"

"Ya kule ina moto. Unatafuna, unasikia unatafuna. Jasho linatoka mpaka nyuma ya masikio."

"Basi nenda ukaoe kule."

Mimi nilijibu, Naima hakujibu. Asubuhi moja alijifunga kanga yake, akaenda mpaka kambini akaomba kazi ya kuosha mboga, akapata. Hakuniaga wala hakumwambia mumewe. Nilijua jioni, baada ya kumwona Nassibu anarudi amenuna kama mtu aliyekutwa na mama yake kwenye ngoma ya watu wazima. Mkewe alikuwa amempakulia sahani.

Mpishi wa kule alikuwa mzee mfupi waliyemwita Lu. Kiswahili chake kilikuwa "haraka" na "bado", basi. Akitaka kumwonyesha Naima jambo anagonga karai kwa mwiko, Naima anageuka, anatazama. Ndivyo alivyosoma. Karai lipate moto mpaka litoe moshi kabla ya mafuta. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili kavu zivunjwe mkononi. Korosho zikaangwe kwanza, zitolewe, zirudishwe mwisho zikiwa bado kavu. Kilicho kigumu kitangulie, jani lifuate. Sosi nyeusi ya chupa ipite ukingoni ichomeke. Na mkono usisimame. Na usifunike, hilo Lu aliligonga mara nyingi kuliko yote. Kule karai halina hata mfuniko.

Kambi ilipohama, Lu alimwachia karai moja la chuma lililotoboka sikio, pamoja na kijipakiti cha punje za pilipili za kwao. Naima akalibeba kichwani kutoka kambini hadi nyumbani, watoto wakimfuata nyuma wakidhani ameletewa tanuri.

Siku ya kwanza alipika kwa moto wa vifuu, maana kuni zilikuwa hazimtoshi. Ilikuwa majani ya chainizi, kabichi, karoti na hoho, na korosho za kuvunjika ambazo mjomba wake humletea. Moshi wa pilipili ulituingia, nikapiga chafya mpaka Bertha, jirani yangu, Mmakonde wa Newala, akaja mbio na ndoo ya maji.

"Mama Nassibu, nyumba inaungua?"

"Mke wa mwanangu anapika."

"Anampika nani?"

Nikaletewa sahani. Nikatia tonge la ugali na mboga mdomoni. Kwanza pilipili, hiyo sikuiogopa, mimi pilipili mbuzi naila mbichi kama tango. Kisha ulimi ukaanza kuondoka. Nasema kweli, nilihisi ulimi unaondoka, midomo inavimba, shavu haliko. Nikamkamata Bertha mkono.

"Bertha, nimepigwa kiharusi. Nitazame mdomo, umekwenda upande?"

Bertha akanitazama. "Uko palepale ulipokuwa siku zote, tena unasema."

Naima alikuwa amepiga magoti pembeni, amejaza kanga mdomoni. Zilikuwa zile punje za Lu. Zinatia ganzi, ndiyo kazi yake. Nassibu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nikasukuma sahani, nikasema hizi ni nyasi za kulishia mbuzi mwenye mapepo, na katika nyumba hii mimi nitakula mboga iliyoiva.

Tangu siku ile Naima aliwasha mioto miwili. Mmoja mdogo, wa chungu changu, tui na mfuniko. Mwingine mkubwa, wa karai, wa mumewe na yeye. Wa kwangu alianza nao kwa sababu unachelewa. Akishauacha ukitokota ndipo anakwenda kukata mboga za pili, anaponda tangawizi, anavunja vifuu, anasimama juu ya ule moto na jasho linamchirizika kidevuni. Punje za Lu zilipokwisha alitumia pilipili zetu na pilipili manga. Sosi Fauzia anamtumia kwa basi. Masika, kiangazi, akiwa na homa, akiwa na mimba zilizoharibika, mioto ilikuwa miwili. Hakusema neno.

Nami hapo lazima niseme kilichokuwepo. Miaka ya kwanza mboga ile kweli sikuipenda. Baadaye nikaizoea harufu yake. Kitunguu saumu kikigusa mafuta mate yalikuwa yananijaa. Lakini kufikia hapo magego yangu yalikuwa yamekwenda, moja baada ya jingine, na mboga ya Naima ni ya kutafunwa, inalia chini ya jino. Mtu mzima hasemi mambo ya meno mbele ya mkwe. Nikaendelea kuziita nyasi.

Mwaka jana Nassibu akaugua ini. Nilimzika mwanangu wa pekee. Sitaandika juu ya hilo.

Naima akakaa eda nyumbani kwangu, na mioto ikaendelea kuwa miwili. Hapo ndipo Bertha alipoanza. Anakuja na bakuli la mihogo, anakaa kwenye kigoda, anavuta pumzi kama anayeshusha mzigo.

"Eda inakaribia kwisha, Mama Nassibu."

"Najua kuhesabu."

"Mjomba wake atakuja kumtoa. Na safari hii anaondoka naye, usijidanganye. Mtoto yuko Dar, mume yuko mchangani. Kinachomweka hapa ni nini?"

"Mimi ninamweka?"

"Ndicho ninachouliza. Mwambie abaki."

"Sijamwomba mtu kukaa kwangu tangu nizaliwe. Baba yake Nassibu alipotaka kuondoka nilimshikia mlango asijigonge."

"Haya. Kaa na mlango wako."

Aliponiacha nilitazama ukutani. Nilijua alichosema ni kweli. Magoti yangu hayachuchumai tena mbele ya mafiga, kisima kiko bondeni, na nyumba yenye mtu mmoja haina wa kumwambia "umeamkaje". Nilitaka Naima abaki. Nilitaka kama mtu anavyotaka maji. Lakini kumwambia kulinishinda.

Kwetu siku ya kumtoa mjane eda, yeye hagusi moto. Anaogeshwa, anavalishwa nguo mpya, anakaa mkekani, na upande wa marehemu ndio unaopika. Mkubwa wa kwao hupakuliwa wa kwanza, na kwa chakula kile anapima jinsi mtoto wake alivyotunzwa. Ndipo humwuliza mbele ya wote kama anabaki au anarudi kwao. Anaulizwa mara moja, na jibu lake halibishiwi.

Basi nikaamua kupika. Pilau nilimwachia Bertha, ana mkono nayo. Mimi nikaliteremsha karai.

"Unafanya nini?" Bertha akauliza.

"Mboga ya Naima."

"Wewe?" Akaweka mwiko chini. "Wewe uliyeziita nyasi?"

"Kata karoti, acha shairi."

Nilikuwa nimemtazama Naima akipika kwa miaka yote ile, kutoka kwenye kiti changu. Nilijua kila kitu. Nikawasha vifuu, nikasubiri karai litoe moshi. Nikakaanga korosho nikazitoa. Nikatia kitunguu saumu, tangawizi na pilipili za kutosha, Bertha akakimbilia mlangoni akikohoa. Karoti, hoho, kisha chainizi aliyoichuma Bertha bustanini kwake kisimani.

"Tia tui kijiko kimoja tu," ananinong'oneza kutoka mlangoni. "Itashikana. Nani atajua?"

"Naima atajua."

Tui sikutia. Nilijishinda. Lakini pilau yake ikaanza kunukia kuungua, nikageuka kuondoa makaa, na mkono wangu huu wa kulia, ambao umefunika vyungu tangu nikiwa na kimo cha kinu, ukachukua sinia ukafunika karai. Ulifunika wenyewe. Sikuutuma. Nilipogeuka tena na kufunua, chainizi ilikuwa imelala chini, kijani kimegeuka rangi ya sare ya mgambo, maji yamejaa mpaka nusu ya karoti.

Bertha akaja akachungulia. "Hii sasa ni ya Kichina au ya kwenu?"

"Pakua."

Mzee Nurdin alifika na wazee wawili wa kwao. Amezeeka, anatembea kwa mkongojo, lakini kanzu yake imepigwa pasi ikasimama. Naima alikuwa ameketi mkekani na kanga mpya za rangi ya embe, mikono mapajani. Niliitazama mikono ile. Kucha zilikuwa zimekwisha, makovu ya mafuta yamepanda mpaka kwenye viwiko kama madoa ya kanga ndege. Nikayakumbuka maneno ya siku ya harusi, na nikaona nimeyakumbuka nikiwa mzee.

Mzee Nurdin akala pilau. Akasogeza bakuli la mboga.

"Hii nini?"

"Mboga ya Kichina," nikasema.

Mlangoni Bertha akakohoa kikohozi cha uongo. Mzee Nurdin akatia tonge, akala, akarudia. "Naima aliwahi kunipikia hii alipokuja kunitazama. Nilidhani natafuna ukindu. Hii ni laini. Hii nzuri."

Naima akainua macho. Akalitazama bakuli, akazitazama korosho zilizovimba kama maharage, akanitazama mimi.

"Mama," akasema polepole, "umefunika."

"Sikufunika."

Akavuta kanga usoni, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Tangu tumzike Nassibu nilikuwa sijakisikia kicheko chake.

Wazee wakanawa. Mzee Nurdin akasafisha koo.

"Naima mwanangu. Eda umeimaliza, Mungu aipokee. Sasa nakuuliza mbele ya mama mkwe wako. Unabaki hapa, au unarudi kwenu?"

Naima akasema, kwa sauti yake ileile ndogo, "Nimechoka, mjomba."

Mzee akainama mbele. "Umesemaje?"

"Nimechoka."

"Umechoshwa na nani? Na mama?"

"Na moto. Kila siku nawasha mioto miwili. Mdogo wa mama, mkubwa wa karai. Nassibu alipokuwepo tulikula wawili, ilikuwa sawa. Sasa nawasha moto mkubwa wa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mimi. Nikimaliza kupika nimelowa jasho, nakaa kula, mama yuko kwenye sahani yake na mimi niko kwenye yangu. Tuko wawili ndani ya nyumba, na kila mtu anakula peke yake."

"Mama hawezi kula yako?"

Naima akatazama chini. "Hapendi pilipili."

Ukingoni mwa sahani yangu, mbele ya macho ya Mzee Nurdin, palikuwa na vikonyo vya pilipili mbuzi nilizokuwa nimeteremshia pilau. Alivitazama vile vikonyo, akanitazama. Naye Naima alijua kwamba anaviona. Ndipo nikaelewa kwamba alijua habari ya meno, alijua siku zote, na alikuwa amenifichia hata mbele ya mjomba wake, siku ambayo maneno yalikuwa yake.

"Mzee Nurdin," nikasema, "mtoto ananisitiri. Pilipili naila. Sina meno."

Bertha alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Magego yote yamekwenda," nikaendelea, kwa kuwa nilikwisha vua nguo. "Yaliyobaki ni haya ya kutolea salamu."

Mzee Nurdin akanitazama sana, kisha akafungua kinywa chake, wazi kabisa, kama anayemwonyesha daktari. Mlikuwa na mawili chini na moja juu, na hayakukutana.

"Ulidhani kwa nini nimeisifu hii ya kufunikwa?" akasema.

Watu wakacheka, mpaka wazee wale wawili. Naima naye akacheka tena. Lakini kicheko hakiondoi uchovu. Kilipopoa mzee akamgeukia.

"Haya. Unasemaje?"

"Nikapumzike, mjomba."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Mama Nassibu," Mzee Nurdin akaniambia, "una neno?"

Neno nilikuwa nalo. Lilikaa kooni kama mwiba wa samaki, si la kumeza wala la kutoa. Naima alikuwa ananitazama, akingoja. Nikasema, "Mwenye miguu ni yeye."

Akayaondoa macho.

Asubuhi yake nililiosha karai kwa majivu na mchanga mpaka chuma kikang'aa, nikalifunga kwa upande wa kanga kuukuu, nikaliweka juu ya begi lake. Kwetu mwanamke akiondoka usitazame nguo, tazama vyombo. Akibeba chungu chake, amekwenda. Sikutaka aseme, wala watu waseme, kwamba mkongwe yule alimfunga mtoto wa watu kwa kipande cha chuma.

Naima alipotoka akaliona.

"Mama, unanifukuza?"

"Nakupa kilicho chako."

Akalinyanyua. Akalishika hivyo, akilipima uzito. Kisha akaifungua ile kanga, akarudi jikoni, akalipindua juu ya mafiga makubwa.

"Zito," akasema. "Sibebi chuma mpaka Kilangala. Nimekwambia nimechoka."

Nilitaka kumwuliza kama maana yake ni hiyo tu. Lakini mjomba alikuwa amekwisha simama na mkongojo wake. Naima akanibusu mkono, wakaenda Njia Nne.

Nikabaki na nyumba. Bertha alinipikia siku za mwanzo, kisha nikamwambia aache, ana wajukuu wake. Nikapika chungu changu, tui na mfuniko, mboga laini kama nilivyoitaka maisha yangu yote. Haikunishuka. Hakukuwa na moshi wa kunipigisha chafya. Nilikaa na sahani nikasikiliza kuku. Kutoka kwenye kigoda hadi kusimama palikuwa na safari, na kutoka kisimani hadi nyumbani ilikuwa nyingine. Nilianza kuelewa uchovu wa Naima vizuri, maana sasa ulikuwa mwilini mwangu, na mimi nilikuwa na moto mmoja tu.

Alikuwa anapiga simu. "Shikamoo mama." "Marahaba." "Umeamkaje?" "Mzima." "Magoti?" "Yapo." Hakusema anarudi, wala mimi sikuuliza. Tunaagana, simu inakaa kimya mkononi mwangu.

Jana alasiri nilichoka na chungu. Nikalipindua karai. Chainizi niliikata ndogo, ndogo kama ya kumlisha mtoto anayeota meno, na hoho vilevile. Korosho nilizitwanga kidogo. Kitunguu saumu kilipogusa mafuta nikapiga chafya, na chafya ile ikanifurahisha. Nikatia majani, nikakoroga mpaka bega likauma, kisha nikafunika nipumzike. Simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mikorosho vipi?"

"Imechanua. Mjomba anapuliza dawa na kukohoa. Unafanya nini?"

"Napika."

"Kisamvu?"

"Mboga. Kwenye karai."

Nikasikia watoto wa Kilangala wakigombana kwa mbali.

"Mama, umefunika."

"Sikufunika."

"Karai likiwa wazi linapiga kelele. Hapa nasikia kimya. Umefunika."

Bega liliniuma. Nilikuwa nimeegemea ukuta wenye masizi ya miaka yake yote. Sijui ni uchovu au ni nini, lakini ule mwiba ukatoka.

"Basi njoo ufunue mwenyewe," nikasema. "Njoo, Naima. Nimekuomba."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Sijapumzika bado, mama."

"Pumzika. Karai halina miguu. Lakini ukija tutawasha moto mmoja. Langu karai, lako karai. Kisamvu tutapika siku ya wageni. Mimi utanikatia ndogo-ndogo, na pilipili usinipunguzie."

"Na meno?"

"Nitameza."

Akacheka, akakohoa, akawa kama anafuta pua. "Korosho za kwenye kopo zimebaki ngapi?"

"Chini kidogo."

"Usizimalize zote. Mpya zikishaokotwa nitazileta mwenyewe."

Nikataka kusema kitu, akanikatiza kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Sasa funua, mama! Mboga inakufa."

Nikafunua. Mvuke ukanipiga usoni, kijani kilikuwa bado kimo, kidogo. Nikaibana simu kati ya sikio na bega lile zima.

"Koroga," akasema Naima. "Kutoka chini. Usisimamishe mkono."

"Mkono umechoka."

"Najua," akasema. "Koroga hivyo hivyo."

Nikakoroga.